Mdudu Yupi wa Kuchagua Dar es Salaam kwa Utafiti wa Jeni za Wakati wa Kupandana na Kutengana kwa Spishi

Mwanafunzi anayetaka kuchunguza namna jeni zinazopanga wakati wa kupandana zinavyoweza kuigawa spishi moja ya wadudu kuwa mbili hukabiliwa na swali gumu kabla hajaandika hata mstari mmoja wa andiko lake la utafiti: atamfuga mdudu yupi? Jibu la swali hilo huamua muda atakaohitaji, fedha atakazotumia, vibali atakavyoomba na, zaidi ya yote, aina ya matokeo atakayoweza kuyapata. Ulinganisho huu unamlenga mtu anayefanya kazi Dar es Salaam, awe Mlimani, Muhimbili au katika maabara ndogo ya shule ya sekondari yenye mwalimu mwenye ari. Unawapima wadudu wanne wanaopatikana hapa kwetu, yaani mbu wa malaria, nzi wa matikiti, drosofila (nzi mdogo wa matunda) na kiwavijeshi vamizi, pamoja na wadudu wachache wa ng'ambo waliojenga msingi wa elimu hii.

Kwanza ni vyema kueleza kwa nini wakati una uzito wa pekee katika suala hili. Ili kundi moja la wadudu ligawanyike huku pande zote mbili zikiendelea kuishi eneo moja, kwa kawaida mambo mawili yanapaswa kwenda pamoja: jeni zinazoufanya kila upande ufae mazingira yake, na jeni zinazowafanya madume na majike wa upande huo wachaguane. Tatizo ni kwamba katika kila kizazi kromosomu zilizotoka kwa baba na kwa mama hubadilishana vipande, kwa hiyo jeni za aina ya kwanza huachanishwa na jeni za aina ya pili, na mgawanyiko uliokuwa umeanza hufutika. Wakati hulipunguza tatizo hilo kwa sababu jeni moja inaweza kufanya kazi zote mbili. Mdudu anayetoka kwenye pupa mapema ili aliwahi tunda linaloiva mapema huwakuta wenzake waliotoka mapema kama yeye, akapandana nao bila kuhitaji jeni nyingine ya kumwelekeza kwa mwenzi wa aina yake. Yeyote anayechagua mdudu wa kufuga na ajiulize kila mara kama kwa mdudu huyo wakati ndio ukuta wenyewe unaotenganisha, au ni tofauti ndogo tu iliyojitokeza baada ya ukuta mwingine kujengwa.

Msimu wa mwaka au saa ya siku

Wakati wa kupandana una sura mbili. Sura ya kwanza ni ya msimu, na mfano wake maarufu kuliko yote ni Rhagoletis pomonella, nzi wa Amerika Kaskazini ambaye mabuu yake yaliishi tangu zamani ndani ya matunda madogo ya miti ya porini ya jenasi Crataegus. Walowezi kutoka Ulaya walipopanda mitufaha, baadhi ya nzi hao walihamia kwenye matufaha, na Benjamin Walsh aliliandika jambo hilo katika miaka ya 1860 akiliona kuwa dalili ya spishi mpya inayoanza. Matufaha huiva takriban wiki tatu hadi nne kabla ya matunda ya porini, na nzi mzima huishi kiasi cha mwezi mmoja tu, kwa hiyo wanaotoka kwa wakati wa matufaha hukutana kidogo na wanaotoka kwa wakati wa Crataegus. Guy Bush aliisimamisha hoja hiyo upya katika miaka ya 1960, na mwaka 1988 Jeffrey Feder na wenzake walionyesha kwamba makundi hayo mawili yanatofautiana kijenetiki. Sehemu kubwa ya tofauti hizo inahusu muda ambao pupa hulala ardhini wakati wa majira ya baridi, na jeni husika zimejikusanya katika vipande vya kromosomu vilivyopinduka, ambavyo havibadilishani sehemu kwa urahisi.

Mfano wa pili wa msimu ni nondo wa Ulaya na Marekani aitwaye Ostrinia nubilalis, ambaye kiwavi wake hutoboa mabua ya mahindi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliihusisha tofauti ya muda wa kuamka baada ya majira ya baridi na jeni mbili za saa ya mwili zilizo kwenye kromosomu Z, ambayo kwa nondo ni kromosomu ya jinsi, yaani period na jeni ya kipokezi cha homoni ya saa inayofupishwa kama Pdfr. Kazi hii ni miongoni mwa zilizo safi zaidi katika uwanja mzima, kwa sababu inaanzia kwenye tabia ya mdudu shambani na kuishia kwenye jeni zenye majina.

Hata hivyo, mifano hiyo haihamishiki hapa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote katika mwaka haifiki saa moja. Hatuna majira ya baridi yanayomlazimisha pupa kulala kwa miezi. Ni kweli kwamba viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi hupumzika ndani ya mabua makavu wakati wa kiangazi, lakini mapumziko hayo hufuata hali ya mmea na unyevu, mambo ambayo ni magumu kuyadhibiti kizimbani kuliko urefu wa mwanga. Sura ya pili, yaani saa ya siku ambayo mdudu hupandana, ipo hapa bila kasoro. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa moja kasoro dakika chache mwaka mzima, giza huingia upesi, na wadudu wengi wamejipanga kuuzunguka muda huo mfupi. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kuachana na msimu na kuchagua saa ya siku.

Ipo pia sura ya tatu ambayo mtu wa pwani atavutiwa nayo. Clunio marinus ni kisubi wa pwani za Atlantiki za Ulaya ambaye akiwa mzima huishi saa chache tu, na hutoka kwenye pupa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa kabisa na kuacha wazi sehemu ya chini ya ufuko ambako jike hutaga. Saa ya maji kupwa siku za bamvua hutofautiana kati ya pwani na pwani, na kila kundi la kisubi huyo lina saa yake iliyoandikwa katika jeni: ukipandanisha makundi mawili maabara, watoto wao hutoka katika saa zilizo kati ya saa za wazazi. Mwaka 2016 Tobias Kaiser na wenzake walichapisha jenomu, yaani jumla ya vinasaba vyote, ya mdudu huyu, wakaonyesha kwamba tofauti za saa zinahusiana na jinsi jeni ya CaMKII inavyokatwa na kuunganishwa seli inapoisoma. Kwa mtu asiye na kizimba wala bajeti lakini mwenye kompyuta na ujuzi wa kuchambua data za jenomu, data hizo ziko wazi kwa umma, na ningemshauri aanzie hapo kuliko kwa mdudu mwingine yeyote wa ng'ambo.

Mbu wa malaria: bora kwa kutengana, dhaifu kwa wakati

Kwa suala la kutengana kwa spishi pekee, hakuna mdudu wa Tanzania anayeweza kushindana na kundi la Anopheles gambiae. Ndani ya kundi hilo zimo spishi ambazo hata mtaalamu hawezi kuzitenganisha kwa macho: Anopheles gambiae wenyewe, Anopheles arabiensis, na Anopheles merus wanaozaliana kwenye maji ya chumvichumvi ya pwani yetu, pamoja na nyingine za sehemu nyingine za Afrika. Hutambuliwa kwa kipimo cha vinasaba, na gharama ya kipimo hicho lazima iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo kwa kila mbu mmoja mmoja. Dume chotara la gambiae na arabiensis huwa tasa ilhali jike lina uwezo wa kuzaa, na kupitia majike hayo jeni zimevuka mpaka. Uchambuzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya kromosomu zisizo za jinsi zimechanganyika kati ya arabiensis na mababu wa gambiae, na historia halisi ya kutengana imehifadhiwa zaidi kwenye kromosomu X. Jenomu ya Anopheles gambiae ilichapishwa mwaka 2002, na baadaye mradi wa kimataifa wa jenomu 1000 za spishi hiyo ulikusanya na kutoa hadharani data za mbu wa nchi nyingi, wakiwemo wa Tanzania. Taasisi ya Afya Ifakara ina uzoefu wa miaka mingi wa kufuga mbu hao na kufuatilia tabia zao Bonde la Kilombero, kwa hiyo mwanafunzi wa Dar es Salaam hahitaji kwenda mbali kupata mtu wa kumuuliza.

Udhaifu unajitokeza tunapogusa wakati wenyewe. Madume ya mbu hawa hukusanyika angani jua linapozama na kuruka juu ya alama fulani ya ardhini, labda kipande cha zege, lundo la takataka au mpaka wa shamba, na majike huingia kundini mmoja mmoja. Kupandana huchukua sekunde chache tu, na kundi lote hutawanyika ndani ya nusu saa hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ukizinyamazisha jeni za saa period na timeless katika mbu wa Anopheles, kuruka kwa makundi na kupandana hupungua, kwa hiyo saa ya mwili inahusika bila shaka. Lakini saa ya kuruka ya spishi moja na saa ya spishi nyingine zinakaribiana mno. Afrika Magharibi, ambako Anopheles gambiae na Anopheles coluzzii huishi pamoja, kinachowatenganisha zaidi ni mahali: coluzzii hupenda kuruka juu ya alama zinazotofautiana rangi na ardhi, na gambiae hupenda uwanja mtupu, ingawa wote huruka wakati uleule wa magharibi, jua linapozama. Mtafiti anayetafuta ukuta wa wakati hapa atajikuta anapima dakika chache, tena kwa mdudu ambaye wingu moja la mvua linatosha kumbadilishia saa ya kuanza.

Kuna pia mzigo wa kazi. Majike yanahitaji damu ili kutaga, viluwiluwi vinahitaji maji safi na chakula kila siku, na mbu anayebeba malaria hafugwi bila chumba maalumu chenye milango miwili na kibali cha maadili ya utafiti. Kwa mtu aliyekwisha kupokelewa katika maabara yenye chumba hicho, chaguo hili ni zuri sana, mradi swali lake lihusu mtiririko wa jeni kati ya spishi na si saa. Asiye na maabara hiyo asianze hapa.

Nzi wa matikiti: chaguo langu la kwanza

Ningepewa meza moja, vizimba vichache na mwaka mmoja na nusu, ningemchukua Zeugodacus cucurbitae, yule nzi anayeharibu matango, maboga, matikiti na karela. Asili yake ni Asia, lakini ameenea Afrika Mashariki kwa muda mrefu, na anayelima matango Kigamboni au Bunju anamfahamu vizuri hata kama hajui jina lake la kisayansi.

Sababu ya kwanza ni kwamba kwake uhusiano kati ya jeni, wakati na kupandana umeshaonyeshwa kwa jaribio. Huko Japani, Takahisa Miyatake na wenzake waliwachagua nzi hawa kizazi baada ya kizazi, upande mmoja wakiwaacha wazae wale tu waliokua haraka kutoka yai hadi kuwa nzi mzima, na upande mwingine wale waliochelewa. Hawakugusa saa ya kupandana hata kidogo. Hata hivyo, mstari wa waliokua haraka ulianza kupandana mapema jioni, na mstari wa waliochelewa ulipandana usiku zaidi, kiasi kwamba walipochanganywa katika kizimba kimoja walielekea kupandana na wa mstari wao wenyewe. Walipowekwa katika giza la kudumu, saa ya mwili ya mstari wa haraka ilizunguka kwa takriban saa 22 hadi 23, na ya mstari wa taratibu kwa kiasi cha saa 31. Hii inaashiria jeni moja, au jeni chache, inayogusa muda wa kukua na saa ya kupandana kwa pamoja. Jeni ya period ndiyo iliyoshukiwa kwanza, na baadaye jeni ya kriptokromu, ambayo hupokea mwanga, nayo ikaingia katika mjadala. Ni nadra kupata mfano ulio wazi kiasi hiki wa namna ambavyo uteuzi wa jambo moja unaweza kujenga ukuta wa kupandana bila mtu yeyote kukusudia.

Sababu ya pili ni kwamba matokeo yake yana maana shambani. Okinawa walimtokomeza nzi huyu mwaka 1993 kwa kuachia madume waliofanywa tasa kwa mionzi. Wafugaji wa nzi kwa mamilioni hupendelea wanaokua haraka, na kama tulivyoona, kukua haraka huleta kupandana mapema, kwa hiyo kituo kisichokuwa makini kinaweza kuzalisha madume tasa wanaotafuta majike kabla majike wa porini hawajawa tayari. Yeyote atakayependekeza mbinu hiyo kwa matunda na mboga za Tanzania atalazimika kujua saa ya kupandana ya nzi wetu wenyewe.

Sababu ya tatu ni urahisi wa kumtazama, na hapa inafaa kuingia kwenye undani kidogo. Magharibi ikikaribia, madume waliokomaa hujitenga kila mmoja na jani lake au kona yake ya kizimba, hupiga mbawa haraka kwa mvumo unaosikika na kutoa harufu ya kuwaita majike. Jike hutua, dume hupanda mgongoni, nao hubaki wameshikana usiku kucha hadi alfajiri. Kwa sababu hiyo, ukihesabu tu jozi zilizoshikana saa tatu usiku hutajua nani alianza saa ngapi. Unachopaswa kuandika ni dakika ambayo kila jozi ilishikana kwa mara ya kwanza, na kazi hiyo inadai mtu akae mbele ya kizimba kuanzia saa kumi na moja jioni bila kuondoka. Nzi hawa pia huhitaji takriban wiki mbili au zaidi baada ya kutoka kwenye pupa ndipo wawe tayari kupandana, kwa hiyo usishangae ukiona kizimba kimya siku za mwanzo. Mitego yenye kivutio cha harufu hunasa madume peke yao. Ukitaka majike, nunua matango na matikiti yaliyotobolewa kwenye masoko kama Buguruni au Ilala, au omba kwa mkulima yale anayotaka kuyatupa, uyaweke juu ya mchanga mkavu uliochekechwa, kisha usubiri mabuu yashuke kuwa pupa.

Upungufu wake ni mmoja, nao ni mkubwa: hapa kwetu hakuna spishi pacha inayojulikana ya kumlinganisha naye. Australia wana bahati ya kuwa na Bactrocera tryoni, anayepandana magharibi, na Bactrocera neohumeralis, anayepandana mchana kwenye mwanga mkali, ambao chotara wao wanazaa bila shida na ambao wametofautishwa pia kwa utendaji wa jeni ya kriptokromu. Nzi wa maembe, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, hupandana magharibi pia, lakini si ndugu wa karibu wa nzi wa matikiti na hawazaliani. Nzi huyo wa maembe aliwahi kupewa jina la spishi mpya, Bactrocera invadens, mwaka 2005, na mwaka 2015 wataalamu wakaliondoa baada ya ushahidi wa kupandana, maumbile na vinasaba kuonyesha kwamba ni dorsalis yuleyule. Kwa hiyo anayechagua nzi wa matikiti anachagua kuujenga mgawanyiko yeye mwenyewe kizimbani kwa uteuzi, au kulinganisha makundi ya mikoa mbalimbali. Hatakuta mgawanyiko uliokwisha kamilika.

Drosofila: kwa mwenye fedha kidogo

Drosofila ndiye mdudu ambaye elimu nzima ya jeni za saa ilianzia kwake. Mwaka 1971 Ronald Konopka na Seymour Benzer walieleza mabadiliko matatu ya jeni ya period, moja likifupisha mzunguko hadi saa 19, la pili likiurefusha hadi 28, na la tatu likiufuta kabisa, na mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipata Tuzo ya Nobel kwa kufafanua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi. Kizazi kimoja huchukua siku 10 hivi katika nyuzijoto 25, na chakula chake ni ndizi, hamira na unga wa mahindi katika chupa yenye kizibo cha pamba.

Kinachomfanya afae zaidi kuliko wengi wanavyodhani ni kwamba barani Afrika Drosophila melanogaster huishi pamoja na ndugu yake Drosophila simulans, na utafiti wa Kijapani uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mzunguko wa kupandana wa spishi hizo mbili katika siku unakwenda kinyume, na kwamba kwa melanogaster mzunguko huo hupotea jeni za saa zikiharibika. Miaka miwili baadaye, Eran Tauber na wenzake walihamisha jeni ya period kutoka Drosophila pseudoobscura hadi kwa melanogaster, na saa ya kupandana ikabadilika kuelekea ile ya spishi iliyotoa jeni. Chotara wa melanogaster na simulans huwa tasa au hufa, kwa hiyo kutengana kwao kumekwisha kamilika, na hapa tahadhari ya mwanzo inarudi: tofauti ya saa tunayoiona leo huenda ilikuja baada ya ukuta, si kabla yake. Ugumu wa vitendo ni kuwatambua, kwa maana majike wa spishi hizo wanafanana mno, na madume hutofautishwa kwa umbo la viungo vya uzazi chini ya darubini. Kwa shule au kwa shahada ya kwanza, bado ningemweka juu ya mbu na kiwavijeshi.

Kiwavijeshi vamizi: swali zuri katika mazingira magumu

Nondo wa kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, alionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kuthibitishwa Tanzania mwaka uliofuata. Kwao Amerika ana aina mbili, ya mahindi na ya mpunga, na aina ya mahindi hupandana mapema usiku ilhali ya mpunga hupandana usiku ukiwa umekwenda. Mwaka 2017 Sabine Hänniger na wenzake waliifuatilia tofauti hiyo hadi kwenye jeni ya saa iitwayo vrille, na mabadiliko mengi waliyakuta katika sehemu inayodhibiti kiasi cha jeni kusomwa. Kwa karatasi, huyu ndiye mdudu kamili: wakati, jeni na kutengana vyote vimo.

Lakini walioingia Afrika si aina mbili zilizo safi. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba wengi wa nondo wa huku wana mitokondria (sehemu za seli zenye vinasaba vyake vinavyorithiwa kwa mama) ya aina ya mpunga huku kromosomu zao zikiwa na alama za aina ya mahindi, jambo linaloashiria uchotara wa zamani, na karibu wote hushambulia mahindi. Ukipanga utafiti wa kulinganisha aina mbili kama ulivyofanywa Amerika, utakosa aina ya pili, na kuiagiza kutoka nje si jambo ambalo mamlaka ya afya ya mimea ingelikubali, wala haipaswi. Swali linalobaki ni jingine, na kwa maoni yangu linastahili mtu jasiri: katika kundi lililochanganyika, je, saa ya kupandana bado inarithiwa pamoja na kipande cha kromosomu chenye vrille, au imekwisha kusambaa?

Atakayelichukua swali hilo ajiandae. Viwavi hulana wakishakua kidogo, hivyo kila mmoja hufugiwa kikombe chake, na mia mbili za viwavi ni vikombe mia mbili vya kusafisha kila baada ya siku chache. Jike huita dume kwa kutokeza tezi ya harufu kwenye ncha ya tumbo, na kuiona kunahitaji taa nyekundu hafifu, kwa kuwa nondo haoni vizuri wekundu, na mtu wa kupita kizimba kwa kizimba kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri.

Mwanga, joto na vibali

Kwa wadudu wote wanne, kifaa cha kwanza ni chumba au kabati lenye saa ya kuwasha na kuzima taa, na kifaa cha pili ni betri ya kulinda saa hiyo, kwa kuwa umeme ukikatika saa tatu usiku na kurudi saa nane, baadhi ya saa za kuwasha taa huanza kuhesabu upya na wadudu hupata alfajiri ya uongo. Siku moja ya namna hiyo inatosha kuharibu data za juma zima, kwa sababu saa ya mwili huchukua siku kadhaa kujirekebisha. Katika vitabu vya uwanja huu saa huhesabiwa kuanzia taa inapowaka, karibu kama sisi tunavyohesabu kuanzia macheo, lakini programu za kurekodi hutumia saa inayoanza usiku wa manane, na kuchanganya mifumo hiyo katika daftari moja ni kosa rahisi kutokea. Amua mfumo mmoja kabla ya usiku wa kwanza.

Jambo jingine lisilopaswa kurukwa ni kuwafuga wadudu wa makundi yote mawili katika mwanga, joto na chakula kilekile kwa angalau vizazi viwili kabla ya kupima chochote. Nzi aliyekulia kwenye boga na aliyekulia kwenye tango wanaweza kupishana saa kwa sababu ya lishe tu, na bila hatua hiyo huwezi kusema kwamba tofauti uliyoiona ni ya jeni.

Kuhusu vibali, mtafiti atapitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia iliyopo Kijitonyama kwa utaratibu unaomhusu, na kamati ya maadili endapo binadamu au damu vinahusika, jambo linalowagusa wafugaji wa mbu zaidi kuliko wengine. Anayesafirisha sampuli nje ya nchi kwa ajili ya kusomewa vinasaba aanze maombi mapema, maana hatua hiyo mara nyingi huchukua muda kuliko ufugaji wenyewe.

Nikiulizwa na mtu mwenye kizimba lakini asiye na ufadhili, nitamwelekeza kwa nzi wa matikiti. Mwenye chupa na ndizi tu, kwa drosofila. Aliyeko ndani ya taasisi yenye chumba cha mbu, kwa Anopheles, lakini abadilishe swali lake. Na mwenye msimamizi wa kilimo, vikombe vingi na subira, kwa kiwavijeshi. Yeyote atakayemchagua, kila mdudu aliyepimwa ahifadhiwe peke yake katika kichupa chenye spiriti ya asilimia 95 au zaidi, na kibandiko chake kiandikwe kwa penseli kikionyesha tarehe, kizimba na dakika aliyopandana, kwa sababu wino huyeyuka ndani ya spiriti na kipimo cha jeni hakina thamani kikitenganishwa na saa iliyoandikwa usiku ule.